Maswali yenu: mlibatariani na muanakisti, wanagombana nini hasa?

Si wote hawataki serikali? Tofauti iko wapi? (Msomaji, Malindi)

Ndugu yangu wanaanza safari pamoja, wakifika kwenye mali wanaachana. Mlibatariani anaona shamba lako, duka lako, boti yako ni haki yako, na serikali ikichukua kodi zaidi ya kulipia polisi, mahakama na jeshi basi ishakuonea, na Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, alilitetea hilo kwa kirefu 1974. Muanakisti hataki hata hio serikali ndogo, alafu hamtaki pia tajiri mwenye ekari asizolima huku wengine wanamlipa ili wakae. Proudhon, muanakisti wa Ufaransa, alisema 1840 mali ni wizi, lakini hakua akisema nyavu zako au nyumba unayolala, alikua akisema mali inayokupa hela kwa jasho la mwengine.

Bila serikali si itakua kila mtu na panga lake? (Langoni, Lamu)

Hapana. Waanakisti wataka utaratibu, ila upangwe na watu wenyewe, mabaraza, ushirika, vyama vya wafanyakazi. Hapa kwetu kukitokea maiti nani husubiri barua ya kaunti, watu huchimba kaburi, wengine wapika, wengine wakaa na wafiwa, na kusaidiana namna hio ndio Kropotkin, muanakisti wa Urusi, aliandikia kitabu kizima 1902. Barcelona, Uhispania, 1936 wafanyakazi wa CNT, chama cha wafanyakazi cha waanakisti, waliendesha tramu za mji wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyowamaliza, jenerali Franco akashinda 1939.

Mwanangu yuko chuo asema yeye ni anakokapitalisti, nimuogope? (Mama, Shela)

Usiogope mama. Hao ni wafuasi wa Murray Rothbard, mchumi wa Marekani, wataka hata polisi na mahakama ziwe biashara, na Javier Milei, rais wa Argentina tangu Disemba 2023, hujiita hivyo. Waanakisti wengi hawawakubali kabisa, wasema umetoa serikali ukamuacha bosi. Muulize hivi: 2018 Mahakama Kuu Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu, sasa mahakama ingekua duka wangeingia na pesa gani? Atakujibu kua bandari yenyewe ilikua ya serikali, na hapo ana haki, wala usimkatize.

Kwa skwota kama mimi nani ana faida? (Msomaji, karibu na Gede)

Hili ndilo lanikera zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao, kisichodaiwa kikawa cha Serikali ya Mwingereza, na Wamijikenda wengi wakaachwa nje, yaani mtu amezikwa babu yake hapo lakini karatasi ana mwengine. Walibatariani wengi watakwambia heshimu hati, ila Nozick mwenyewe alisema mali iliyopatikana kwa dhulma lazima irekebishwe, kwahio mlibatariani mkweli hawezi kuitetea hati ya namna hio bila kuuliza ilianza vipi. Shida ni kua kurekebisha huko wampa nani kazi, si mahakama ya serikali hio hio? Muanakisti yeye auliza nani anakaa, nani analima, basi. Mimi kwa ardhi ya pwani niko na huyu.