Waridi jekundu la tatuu linaniwasha

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Arusha. Mwaka jana nilichorwa tatuu ya waridi mkononi, petali zake nyekundu na shina jeusi. Kidonda kilipona vizuri, lakini baada ya miezi minne petali zilianza kuvimba, kutoa magamba na kuwasha sana, hasa usiku, ilhali shina halina tatizo lolote. Aliyenichora ananishauri nikaifute kwa leza. Dada yangu naye anasema ni mambo yaleyale ya piko niliyopakwa harusini kwake, iliyonitoa malengelenge. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jambo kubwa katika barua yako ni hilo la shina kubaki salama. Kama tatizo lingekuwa sindano chafu au vijidudu, rangi nyeusi nayo isingenusurika, na kwa kawaida ungeona maumivu, usaha au homa mapema, siyo baada ya miezi minne. Uvimbe unaofuata mipaka ya rangi moja tu, tena nyekundu, unaelekea sana kuwa mzio (aleji) wa wino, kwani nyekundu ndiyo rangi inayoongoza kwa kuleta mzio miongoni mwa rangi zote za tatuu.

Zamani wino mwekundu ulikuwa na zebaki. Siku hizi rangi nyingi nyekundu hutokana na kemikali za kundi la azo, ambazo asili yake ni viwanda vya rangi za kupaka na plastiki, wala hazikubuniwa ili zikae ndani ya ngozi ya mtu maisha yake yote. Zikiwa humo humeng'enyuka polepole, hasa zinapopigwa na jua, na inawezekana mwili unakataa vipande vilivyozaliwa baadaye, si wino wenyewe ulivyokuwa chupani. Ndiyo maana mzio huweza kuchelewa miezi au hata miaka, na ndiyo maana pia kipimo cha kubandika wino mgongoni mara nyingi hakionyeshi kitu, hata kama wino huo ndio wenye kosa. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kuweka mipaka kwa maelfu ya kemikali za wino wa tatuu. Inaniuma kwamba wateja wengi wanaokuja kwangu hawakuwahi hata kuonyeshwa chupa.

Kuhusu leza, nakuomba usikubali. Mionzi yake huipasua rangi kuwa chembe ndogo ambazo husambaa mwilini, na kwa mtu ambaye tayari ana mzio, chembe hizo zinaweza kuleta upele wa mwili mzima, au, kwa nadra, uvimbe wa uso na kushindwa kupumua.

Nenda kwa daktari wa ngozi. Kwa kuwa uko Arusha, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hakiko mbali. Huenda daktari akakata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya maabara, kwa sababu yapo magonjwa mengine, kama sakoidosisi (ugonjwa unaoleta vivimbe vidogo mwilini), yanayoweza kujitokeza ndani ya tatuu. Matibabu huanza na dawa kali ya kupaka ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, na isipotosha, sindano ya steroidi kwenye uvimbe wenyewe. Mzio huu ni mkaidi, kwani kisababishi bado kimo ndani, hivyo wengine huishia kuondolewa sehemu nyekundu kwa upasuaji. Kama una historia ya makovu yanayovimba, mweleze daktari kabla hajashika kisu. Krimu za steroidi zinazouzwa ovyo madukani usizijaribu, maana zinaweza kukondesha na kung'arisha ngozi pasipo kumaliza tatizo.

Dada yako amekosea kidogo, ila amekukumbusha jambo zito. Kinachochoma kwenye piko ni kemikali iitwayo PPD, ambayo kwa kawaida ni tofauti na iliyomo katika wino wako, lakini mzio wake haufutiki kwa urahisi, nayo imo katika dawa nyingi za kupaka nywele rangi nyeusi. Ziepuke zote; lakini hina halisi isiyochanganywa na kitu, ile inayoacha rangi ya kahawia nyekundu, haina PPD.

Kabla ya kwenda hospitali, mwombe aliyekuchora akupe jina la wino huo au picha ya chupa yake, uende nayo.