Mawe kwenye nyongo: apasuliwe kawaida au kwa matundu madogo?

Mkuu uliyeuliza habari ya mama yako wa Kongwa, kwamba daktari mmoja kasema afunguliwe tumbo na mwingine kasema matundu madogo, mimi yamenipata hayo hayo.

Nilitibiwa vidonda vya tumbo miezi saba. Nikila chipsi mayai usiku, saa nane nimejikunja, maumivu yanaanzia chini ya mbavu za kulia yanatokea mgongoni. Muuza duka la dawa kule Nkuhungu alifika mahali ananipa dawa ya gesi kabla sijafungua mdomo. Ultrasaundi moja tu ikamaliza ubishi: kumbe ni mawe kwenye nyongo.

Nikapasuliwa kwa matundu manne, moja kitovuni. Wanajaza tumbo hewa ukaa lipate nafasi, kamera inaingia, kifuko chote cha nyongo kinatoka (sio mawe tu, kikibaki kitatengeneza mengine). Kesho yake jioni niko kwenye bajaji, mto nimeukumbatia tumboni, kila tuta nasema "taratibu, mwanangu". Kilichonitisha ni bega la kulia, liliuma kuliko tumbo. Nikajua tayari, moyo huo. Kumbe gesi iliyobaki inachokoza kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu yanajitokeza begani. Siku ya tatu yakaisha. Hakuna aliyeniambia mapema, ndiyo maana nakwambia.

Mama akihofia kufanyiwa majaribio, mwambie nyongo ilianza kutolewa hivi Ujerumani mwaka 1985. Ila udogo wa kidonda usiwadanganye: ndani kinachokatwa ni kile kile, nusu kaputi ile ile. Na daktari akikuta kifuko kimegandamana au damu haikamatiki, anafungua tumbo hapo hapo. Wengine wanaita kushindwa. Mimi namwamini zaidi anayejua wakati wa kuacha. Muulizeni ameshafanya wangapi.

Na mjomba wako uliyemuulizia pia, wa tezi dume, yeye mara nyingi hata tundu hahitaji, wanapita njia ya mkojo na kukwangua. Fibroidi (uvimbe wa kwenye kizazi), kama matundu yatatosha inategemea ukubwa, idadi na zilipokaa.

Chukueni barua ya rufaa muende hospitali ya Benjamin Mkapa, pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mkaulize, na bima ihakikini kabla ya kupanga tarehe. Lakini macho yakiwa ya njano au akipata homa ya kutetemeka, habari ya tarehe achaneni nayo, mpelekeni hospitali usiku huo huo.