Jibu: waya wa giaboksi ya 700R4 kwenye kabureta ya Holley

Mkuu, umeuliza kama waya unaotoka giaboksi ya 700R4 (ya otomatiki, ya GM) kwenda kwenye kabureta unaweza kufungwa tundu lolote la mkono wa kabureta. Hapana! Si wa kushusha gia tu kama ule wa TH350, giaboksi nyingine ya otomatiki ya GM. Ndio unaopandisha presha ya oili ndani ya giaboksi. Ukilegea, klachi za ndani ya giaboksi zinateleza na kuungua hata kwa safari fupi. Funga bamba la kurekebisha pembe ya kuvuta waya, lililotengenezwa kwa kabureta hiyo.

Kwanza hakikisha pedeli ikikanyagwa yote, kabureta inafunguka yote. Kisha, injini ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kirekebisho kilicho kwenye waya, sukuma kitelezi chake nyuma, mbali na mkono wa kabureta, mpaka mwisho, achia kitufe, mtu akanyage pedeli hadi chini. Utasikia meno ya kirekebisho yakiruka, tk-tk-tk. Pima presha ya oili ya giaboksi kwa geji kabla hujaingia barabarani.