Kemshafti ya resi kwenye XL ya zamani, nifunge?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Honda XL 125 ya zamani aliyoniachia mzee, napandisha nayo mizigo Newala, siku hizi mlimani inachoka kabisa. Jamaa hapa Mtwara mjini anasema nifunge kemshafti ya resi, itasaidia kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa kazi hiyo, hapana. Kemshafti ndo shafti yenye vinundu (kemu) vinavyofungua valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini. Ya resi inainua valvu juu zaidi na kuziacha wazi muda mrefu, kwa hiyo injini inapumua vizuri ikizunguka kasi sana, ila huku chini ambako ndo unapandia mlima na mzigo nguvu inapungua, utaishia kucheza na klachi mpaka inanuka. Kwanza fungua kava la juu uangalie uliyonayo, pitisha ukucha kwenye pua ya kemu (ncha ya kinundu), kama imekwaruzika au kuchimbika basi tatizo liko hapo, na nyingi zinakufa kwa oili iliyokaa mno. Nunua mpya ya kawaida na roka amu (vile vikono vinavyosukumwa na kemu kufungua valvu) zilizolika badilisha pamoja, la sivyo zitaitafuna kemu mpya, hapo usibane hela nakuomba.

Ukikomaa na ya resi, weka springi ngumu za valvu, bandika plastisini ya watoto juu ya pistoni, funga tena, zungusha kranki (shafti kuu ya injini) kwa mkono mara mbili (kemu inazunguka mara moja), fungua ukate plastisini upime unene wake, ndo nafasi kati ya valvu na pistoni: mimi sikubali chini ya milimita 1.5 valvu ya kuingiza na 2 ya kutolea moshi. Ikigoma kuzunguka usilazimishe, valvu inapinda. Jeti ya kabureta (kitundu kinachopima petroli) nayo icheki upya.