Zana Nyepesi na Ufundi wa Kupamba Eneokazi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefuatilia makala zangu alinitumia picha ya skrini yake akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo kaka, hapa nimefikia?" Niliona saa yenye tarakimu nyembamba nyeupe juu ya milima ya ukungu, na chini yake hali ya hewa, vyote vikiwa vimetoka kwenye faili moja, alilolibofya mara mbili tu, la Rainmeter, programu ya kupamba eneokazi, yaani skrini ya mwanzo ya kompyuta. Joto liliandikwa kwa Farenhaiti na mji ulikuwa Seattle, ilhali yeye anaishi Morogoro.

Nakiri kwamba nilikasirika. Mimi nilijifunzia kwenye Winamp, programu ya kucheza muziki, katika kompyuta za kulipia kwa saa, nikichora skini, yaani sura ya nje, ya dirisha lenye upana wa pikseli 275 na kimo cha 116, ambamo kila kitufe huchorwa angalau mara mbili, kikiwa huru na kikiwa kimebonyezwa. Kitufe cha kucheza, chenye pikseli 23 kwa 18, kilinitesa siku kadhaa, kwa sababu kivuli chake kilikaa upande usiofaa, hivyo kila nilipokibonyeza kilionekana kuinuka badala ya kuzama. Miaka mingi baadaye nilitengeneza kalenda ya Rainmeter kwa miezi mitatu. Mtu akaichukua, akafuta jina langu na kuisambaza kama yake, ikasifiwa kuliko nilipoitoa mwenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya niwe miongoni mwa wanaodai kwamba urahisi umetuharibia fani.

Kabla ya kumjibu nilifungua folda yangu ya zamani. Skini yangu ya kwanza ilikuwa ile ya asili ya Winamp niliyoibadilisha rangi, tena kwa kijani kilichofanya maandishi yasisomeke. Zana zilikuwa ngumu na kazi ikawa mbovu vilevile. Tofauti ni kwamba ubovu wangu ulibaki kwenye disketi, ilhali ubovu wa leo unasambaa kabla mwenyewe hajautazama mara ya pili.

Kwa hiyo wewe unayeanza, anza na kazi ya mwenzako bila aibu, lakini usiishie hapo. Itumie wiki nzima ukiwa katika shughuli zako za kawaida, uone ni kipi unakisoma kweli na kipi kinakuzuia kuona mafaili yako, kisha fungua faili la .ini, lile la maandishi lenye mipangilio ya skini, ubadilishe mstari mmoja mmoja. Jicho halisakinishwi, linanolewa kwa kutazama, na asiyetaka kutazama hatasaidiwa na zana ngumu wala nyepesi. Na jina la aliyekutangulia liheshimu.

Nilimwonyesha kijana yule mstari wa mji. Baada ya siku mbili alirudi na Morogoro, nyuzi za Selsiasi, na saa aliyoisogeza kulia ili isifunike folda za masomo yake. Aliniambatanishia pia faili lenyewe, na kwenye mstari wa mtunzi alikuwa ameliacha jina la mwenye kazi, akaandika lake baada ya mkato.