Namba Tatu za Kichwani

Goma

Mwanangu,

Umeniuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi mpaka wakwame. Umeme ulikatika huko Lubumbashi, simu ikazima, jirani akakupa yake upige, ukakuta hujui namba ya mtu yeyote. Hata pesa ya chakula ilikuwa humo humo kwenye simu. Sasa unataka kujua kama uiuze, ununue simu ndogo ya vibonyezo.

Usiiuze. Simu ndogo nayo huzima na huibiwa. Kilichokukwamisha ni kwamba namba, pesa na saa vyote umevitia mahali pamoja, na mahali penyewe panategemea chaji. Vitoe kimoja kimoja, uanze na namba.

Tatu zinatosha: ya nyumbani, ya mtu wa karibu nawe hapo Lubumbashi, na yako mwenyewe, maana wengi hawaijui hata yao. Zile tarakimu 10 zikate vipande: tatu, tatu, mbili, mbili. Zitamke kwa sauti. Baadaye funika karatasi, uitafute namba kichwani, ndipo ufunue usahihishe. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaisoma mara ishirini wakiitazama, kesho yake haipo. Kinachoishikisha ni ule usumbufu wa kuitafuta. Irudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Na kwa mwezi mzima, kila ukitaka kunipigia, bonyeza tarakimu zote, usiguse jina langu.

Ijue pia kwa +243. Mtu akivuka mpaka wa Grande Barrière kuingia Rwanda, akaazima simu yenye laini ya Rwanda pale Gisenyi, namba yetu inayoanza na 0 haiiti. Lazima 0 iondoke, +243 ikae mbele. Usilione dogo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu walikimbilia Gisenyi na wengine Sake, na UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na familia zao. Mtoto wa miaka sita anaweza kushika namba ya mama yake akiimbiwa kila jioni. Huyo mtoto wa dada yako unayekaa naye, nakuomba umfundishe juma hili.

Hizo tatu na nyingine chache ziandike kwa kalamu ya wino, ufunike karatasi kwa utepe wa plastiki, uiweke pamoja na kadi yako ya mpiga kura. Wako wanaoificha nyuma ya kava la simu. Mwizi huondoka na vyote.

Sasa pesa. Simu ikizima pesa haijaenda popote, kwa sababu akaunti imefungwa kwenye laini, haikufungwa kwenye simu. Chomoa laini, itie katika simu ya mtu unayemwamini, piga namba ya huduma inayoanza na nyota, uweke namba yako ya siri. Haihitaji intaneti, inahitaji mtandao wa kawaida tu. Mambo mawili huharibu kazi. Laini ndogo kabisa haikai kwenye nafasi kubwa ya simu ya zamani, kwa hiyo tunza ile fremu ya plastiki uliyoibandulia. La pili, kama umeweka PIN ya laini, yaani namba ya siri ya kuifungulia laini yenyewe, itaulizwa pale pale. Ukikosea mara 3 inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungua tena, yenye tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa. PUK kwa kawaida imechapwa kwenye kadi uliyonunua na laini. Itafute leo.

Lakini mtandao nao hukatika. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia hapa Goma, umeme na intaneti vilipotea na benki zikafungwa. Mwenye akiba yote kwenye akaunti alikuwa na pesa asiyoweza kula. Weka nyumbani noti za chakula cha siku tatu, faranga za 500 na 1,000 ziwe nyingi, kwani muuza makaa hana chenji ya 20,000. Ukiweka dola, ziwe safi: iliyochanika hata pembeni watu wataikataa.

Ukinunua betri ya akiba, usidanganywe na maandishi. Ile ya 10,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) hupoteza karibu theluthi moja inapopandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, basi simu yenye betri ya 5,000 utaijaza mara moja na kidogo. Ijaze umeme unaporudi, usingoje ukatike. Ukiiweka miezi bila kuigusa, iache nusu. Ikilala tupu inaharibika.

Ya saa ni mafupi. Nunua saa ya kengele ya mezani, simu uichaji chumba kingine, wala usiiweke chini ya mto, maana joto linakosa pa kutokea na betri huumia.

Jumapili hii, kabla ya ibada, izime simu yako, uazime ya jirani, unipigie bila kutazama karatasi. Nitapokea kila namba nisiyoijua.

Mama yako