Usimponde kabla hujamtambua: maswali yenu kuhusu wadudu rafiki wa mibuni

Kwenye mibuni yangu kuna vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama wamepakwa unga, lakini katikati yao nimeona wengine weupe, wakubwa zaidi, wenye nyuzinyuzi za nta. Je, ni aina mpya?

Huenda hao wamekuja kula vidung'ata wako. Unawajua vibibi, wale wadudu wenye mgongo wa mviringo, mara nyingi mwekundu wenye madoa. Baadhi ya jamaa zao watoto wao huvaa nta nyeupe, wakafanana na vidung'ata hadi mzoefu akadanganyika. Chukua kijiti umguse mmoja. Kidung'ata atabaki palepale au atajivuta kivivu, ila mtoto wa kibibi atatimua mbio. Anayekimbia mwache. Mimi mwenyewe niliwaponda wengi kabla sijaelekezwa, tena kwa bidii, maana ndio walioonekana wabaya zaidi.

Kukosea kutambua kumewahi kuwagharimu hata wataalamu. Kidung'ata aliyeangamiza kahawa Kenya kuanzia miaka ya 1920 alipewa jina lisilo lake, hivyo adui yake akatafutwa mbali, huko Asia. Alipotambuliwa sawasawa, ikaonekana kwao ni Uganda, jirani tu. Mwaka 1938 nyigu wadogo wanaomshambulia wakaletwa kutoka huko, na wakamdhibiti.

Sisimizi wamejaa kwenye mashina. Si nao wanakula wadudu?

Wapo wanaokula, lakini angalia wanakoelekea. Wakipanda kwa mstari hadi palipo na vidung'ata au vidugamba (wadudu wadogo wanaoganda kwenye mti kama magamba), wanafuata utamu. Wadudu hao hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na sisimizi huwalinda kama mfugaji na ng'ombe wake: kibibi akija anang'atwa, nyigu akitua anafukuzwa. Hapo unaweza kuleta wadudu rafiki wa kila aina wasifanye lolote.

Kata njia. Funga utepe wa plastiki kwenye shina, upake gundi ya kunasa wadudu juu ya utepe, si kwenye gamba. Halafu ondoa matawi yanayogusa ardhi na magugu yanayoegemea mti. Wengi husahau hili la mwisho, na jani moja la nyasi ni daraja tosha.

Kuna nyigu wa kuua ruhuka, yule mdudu mdogo anayetoboa matunda ya kahawa?

Wapo, na asili yao ni Afrika kama ruhuka mwenyewe. Shida ni mahali anapojificha. Jike hutoboa tundu dogo kwenye kitovu cha tunda, akaingia na kutaga ndani ya buni. Sumu ikipuliziwa nje inampata kwa shida. Nyigu wa aina ya *Prorops* na *Cephalonomia* hupenya kwa tundu hilohilo na kutaga mayai yao juu ya watoto wa ruhuka, nao huliwa wakiwa hai. Mwingine, *Phymastichus*, humvizia ruhuka mkubwa akiwa bado anatoboa. Kenya amegunduliwa pia thiripi, mdudu mdogo mwembamba, anayeingia ndani ya tunda kula mayai na watoto wa ruhuka.

Hata hivyo, usiwaachie kazi yote. Ukiacha matunda yaliyokauka mtini na yaliyoanguka chini, unazalisha ruhuka kwa kasi ambayo nyigu hawaiwezi. Chuma yote, okota yote.

Nilinyunyiza sumu, miezi michache baadaye vidomozi wakaongezeka kuliko mwanzo. Dawa ilikuwa feki?

Si lazima iwe feki. Kidomozi ni mtoto wa nondo anayekula jani akiwa ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ya chini, na nyigu wanaomtafuta huzurura juu ya jani, wazi kabisa. Sumu inaweza kuwamaliza wao, na kidomozi akisalimika anazaliana bila bughudha. Kabla ya kunyunyiza tena, chuma majani kadhaa yenye mabaka ya kahawia, uyapasue taratibu. Ukikuta watoto wengi wamekufa, au pembeni yao kuna watoto wengine wadogo wasiofanana nao, yaani wa nyigu, kazi tayari inafanyika, subiri.

Ninunue wadudu rafiki niwaachie shambani?

Usianzie hapo. Anza kwa kuwazuia sisimizi na kupunguza bomba la sumu. Ukiwaachia wadudu uliowanunua wiki hii na wiki ijayo unanyunyiza shamba zima, pesa imekwenda. Na kama ni lazima kunyunyiza, nyunyiza miti iliyoshambuliwa tu. Mingine iache, ili rafiki wapate pa kubaki.